Kompyuta Iliyokulia Chini ya Kitanda

Inshirah hakuwa mtu wa kutumia vitu. Alikuwa mtu wa kuviweka. Mji mzima wa Mahalla, kule Misri, una akina mama wanaowawekea binti zao vyombo vya harusi tangu wanaota meno, kwa hiyo hilo si jambo la kumshangaza mtu, lakini Inshirah alipita kiasi. Chini ya vitanda vya nyumba yake kulikuwa na sufuria za kulishia kambi ya jeshi, mablanketi ya kuwafunika wagonjwa wa hospitali nzima, na seti za glasi za sherbeti ambazo hazijawahi kuonja hata maji. Watu wa nyumba hiyo walilala juu ya utajiri, wakaamka, wakanywa chai katika glasi zilizomeguka midomo. Na kule ukutani kabisa, ndani ya boksi lililokazwa kamba na kutiwa vidonge vya nafthalini vya kufukuzia nondo kana kwamba ni koti la sufu, kulikuwa na kompyuta.

Mumewe Metwalli aliichukua kwa mkopo wa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, binti yao Rawya akiwa darasa la tano. Majirani waliiona ikipandishwa ngazi. Hiyo ndiyo kazi pekee iliyowahi kufanya.

Siku ya kupanga mambo ya ndoa ya Rawya, mama yake bwana harusi, Bi Hajati Tafida, alimaliza chai yake, akajifuta midomo, akasema kana kwamba neno limemjia hivi sasa tu.

"Mke wa mwanangu mkubwa alikuja na kompyuta. Sisemi kitu. Natoa habari tu."

"Kompyuta?" Inshirah akacheka kicheko cha mtu aliyengoja miaka aulizwe. "Ya Rawya ipo tangu hajaanza kujisuka nywele. Mpya, Bi Hajati. Boksi lake halijafunguliwa."

"Halijafunguliwa?"

"Hata vumbi halijaingia."

Bi Hajati Tafida akainamisha kichwa kwa heshima. Wanawake wawili wale wakatazamana kama watu wa dini moja. Rawya alikuwa amesimama na sinia mkononi, akaona afadhali aseme la kwake kabla halijapangwa bila yeye. Alikuwa akipiga chapa kwenye duka la fotokopi karibu na shule ya sekondari, akiwachapia walimu masomo yao ya twisheni. Alikuwa hodari, na walimu walimgombania.

"Na kazi yangu?" akauliza.

"Mke wa mwanangu hasimami dukani na wanaume wanampumulia begani," alisema Bi Hajati. "Samahani, mwanangu, lakini hatuna desturi hiyo."

Wagdi, bwana harusi mwenyewe, alimtazama mama yake kupima anaruhusiwa kwenda hadi wapi, kisha akasema, "Si atafanyia nyumbani, mama? Kompyuta si ipo?"

"Kama ipo," akasema Bi Hajati.

Basi ikawa hivyo. Kazi ya Rawya, kitu pekee maishani mwake ambacho mama yake hakupata nafasi ya kukisukumia chini ya kitanda, sasa ilikuwa inaning'inia kwenye boksi lile.

*

Boksi lilitolewa wiki ya harusi. Metwalli alileta kisu, akapigiwa kelele akirudishe. Fundo likafunguliwa kwa meno.

"Polepole! Usichane! Boksi tutalihitaji!"

Kilichotoka kilikuwa kisanduku cha chuma chenye rangi ya mayai yaliyochemka, kibodi ndani ya nailoni, na skrini nene yenye mgongo kama jiko la kuokea. Kioo cha skrini nacho kilikuwa na nailoni yake, imebandikwa na kiwanda. Rawya alipotia ukucha pembeni aibandue, mama yake alimpiga kofi mkononi.

"Acha hiyo! Ndio upya wenyewe huo!"

"Mama, nilipokuwa na mtihani wa sekondari nilikulilia niitumie. Nikaenda kulipia mikahawa ya intaneti."

"Ningekupa ungekuwa na nini leo? Ungekwenda kwa watu na kitu kilichotumika?"

Aliitwa mpwa wa Inshirah, Sherbini, ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia. Uinjinia wake ulikuwa kubadilisha vioo vya simu katika kibanda kilichochongwa chini ya ngazi, lakini kule kwao mtu akishika bisibisi bila kutetemeka anapewa cheo. Aliingia akizungusha funguo kidoleni, akaiona mashine, funguo zikamtoka mkononi.

"Mama mdogo! Hii mmeifukua makaburini?"

"Koma! Mpya hiyo. Nusa uone."

"Nainusa. Nafthalini."

Aliunganisha nyaya, akabonyeza. Feni ilianza kunguruma hata Metwalli akasogeza kiti. Skrini ikatoa herufi nyeupe kwenye giza, na pembeni ikaonyesha tarehe ya mwaka ambao Rawya alikuwa bado hajui jedwali la tisa. Kisha ikasimama. Haikuwa na mfumo wowote ndani. Iliuzwa tupu.

Sherbini alichomeka flashi yake yenye Windows ya wizi. Mashine haikuishughulikia. Akachomoa, akapuliza, akachomeka tena huku akisoma bismillahi kwa sauti.

"Haijui flashi ni mdudu gani," alisema. "Hii inaanzia kwenye diski tu. Na hata ingeijua, mfumo wa leo ukiutia humu ni kumpakia ng'ombe kwenye baiskeli."

Halafu akaipiga picha. Aliituma kwa wenzake, na bila kuombwa akaanza kuwasomea majibu yao. Mmoja alisema ipelekwe makumbusho. Mwingine aliuliza kama inatumia mafuta ya taa. Sherbini alicheka mpaka akakohoa. Metwalli, aliyeilipia mashine ile ikikatwa kwenye mshahara wake mwezi hata mwezi, aliitazama glasi yake ya chai. Rawya alimwona baba yake akiitazama ile glasi, akatamani kumnyang'anya Sherbini simu aitupe ndani yake.

"Umemaliza kucheka, Injinia?" akauliza. "Sasa sema tufanye nini."

"Mfanye nini? Nibandike picha nzuri hapo kwenye kioo, muiweke sebuleni kwa watu, muifunike kitambaa. Nani atajua?"

Uso wa Inshirah ukachanua. "Mungu akubariki, mwanangu! Kwani nani ataiwasha?"

"Mimi," alisema Rawya.

"Uiwashe uifanyie nini?"

"Kazi, mama. Nifanyie kazi."

"Kazi, kazi! Watu wanakuja kuangalia vyombo, hawaji kuangalia kazi!"

"Tuuze sufuria chache," alisema Metwalli polepole, "tumnunulie ile ndogo, ya kufunga na kufungua."

"Ninunue kompyuta na kompyuta ninayo?" Inshirah aligeuka kuwatazama wote mmoja mmoja. Mwanamke yule alikuwa na namna ya kusema upuuzi ambayo ilimfanya mwenye akili aonekane mbadhirifu.

Sherbini alikuwa ameshafika mlangoni. Huenda alimwonea Rawya huruma, huenda alitaka tu aonekane bado anajua kitu. Alisema kuna Linux, mfumo wa bure, hauna mwenyewe. Toleo la leo limekwisha kuzitupa mashine kama hizi, halizipokei kabisa, lakini toleo la zamani, la umri wa mashine, lingeingia. Alipokuwa chuoni walikuwa wakitumiwa diski zake kwa posta, bure, kila anayeomba.

"Ziko wapi hizo diski?"

Injinia alijikuna shingo. "Muulize mama."

*

Mama yake Sherbini, Nabawiyya, dada mkubwa wa Inshirah, alikaa mtaa wa pili. Diski zilikuwa kwenye roshani yake, zimefungwa uzi, zinazunguka juani juu ya majani ya mlenda aliyoyaanika kwenye shuka. Zilikuwa zinafukuza njiwa.

"Hizo hazitoki," alisema Nabawiyya. "Tangu nizitundike hakuna njiwa aliyekanyaga hapa. Zile diski za mawaidha ya mhubiri nilizotundika mwanzo waliziogopa siku mbili tu, wakazoea."

"Mama mkubwa, nahitaji moja tu."

"Moja ipi? Wewe unajua ipi inayowatisha?" Akamtazama kwa jicho la pembeni. "Na nyinyi si mna kompyuta mpya? Mama yako amenisumbua nayo miaka, niisikie kwenye kila arusi na kila msiba. Leo imekuja kuomba diski za njiwa?"

Rawya angeweza kusema mengi. Alisema, "Nitakuletea kitu kinachong'aa zaidi."

Alirudi nyumbani, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda cha mama yake, akatoka na vifuniko viwili vya sufuria za harusi yake. Vilikuwa vya chuma cheupe kisichoshika kutu. Moyo ulimdunda kama mwizi, na alikuwa anaiba mali yake mwenyewe. Nabawiyya alivitundika, akarudi nyuma kuviangalia vikimeta, akaridhika, akampa diski zote tatu. Vikawa vyombo vya kwanza katika nyumba ile ya Inshirah kupata ajira.

Diski moja ilikuwa imepauka hata maandishi yameondoka. Nyingine ilikuwa na ufa. Ya tatu ilikuwa na mikwaruzo na kinyesi cha njiwa mmoja asiyekuwa mwoga, lakini Sherbini aliishika kwenye mwanga akasema hiyo imechapwa kiwandani, si ya kunakiliwa nyumbani, jua haliiwezi. Yeye mwenyewe hakuwa na nafasi ya kuja. Alikuwa na vioo.

"Ikikuuliza kitu, sema ndiyo," alisema. "Ikiuliza tena, sema ndiyo tena. Ndiyo Linux hiyo."

*

Asubuhi iliyofuata sebule ilifunguliwa, chumba ambacho wenye nyumba hawakuruhusiwa kukikalia. Rawya aliketi sakafuni kwa sababu viti vilikuwa vimefunikwa. Diski ilizama, ikakoroma, ikagongagonga ndani kama mtu aliyefungiwa chooni. Kisha herufi zikamiminika, na mashine ikaanza kumwuliza maswali. Lugha gani? Rawya akachagua. Maandishi ya Kiarabu yakajipanga kutoka kulia, mazuri, yamenyooka, na yeye akashika mdomo wake.

Swali lililofuata lilimleta mama yake kutoka jikoni, kwa kuwa Rawya alilisoma kwa sauti. "Je, nifute kila kilichomo ndani ya mashine hii?"

"Hapana!" Inshirah alitokea na mwiko. "Mwambie hapana! Kimefika miaka yote hii salama, leo afute?"

"Hakuna kitu ndani, mama."

"Wewe unajuaje? Baba yako alilipia vitu vyote vilivyomo!"

"Hakuna kitu! Haijawahi kuwekwa kitu! Ulikuwa unatunza boksi la hewa!"

Akabonyeza ndiyo. Inshirah akaketi juu ya kiti kilichofunikwa, mwiko ukidondosha mchuzi kwenye nailoni, akawa anatazama mstari mdogo ukijaa kwenye skrini, kama anayetazama nyumba yake ikibomolewa. Mstari ukafika katikati. Ukasimama. Diski ikalia kwa uchungu, mara moja, mara nyingine, halafu skrini ikaandika kwamba haiwezi kusoma.

"Nilikwambia," alisema Inshirah, na akapona papo hapo.

Rawya aliitoa diski, akaiosha kwa sabuni. Akaanza upya, ikasimama palepale. Alikaa akiikodolea macho. Aliwaza duka la fotokopi, kiti chake kilichoegemezwa ukutani, mwalimu wa kemia anayemwita "mwanangu" na kumsubiri yeye tu, halafu akawaza ghorofa ya Bi Hajati, glasi za sherbeti, na miaka. Machozi yalikuja, akayapangusa kwa hasira. Metwalli alisimama mlangoni na dawa yake ya meno mkononi.

"Kiwandani tulikuwa tukisugulia vioo vya saa," alisema. "Jaribu. Zungusha kutoka katikati kwenda nje."

Kisha Metwalli akasugua yeye mwenyewe, kwa kidole, taratibu, ulimi umetoka kama mwanafunzi. Mara hii mstari ulipofika pale pabaya diski ilikwama, ikahema, ikapita. Ulipojaa wote Metwalli alitoka kwenda msikitini, na hakuna aliyejua kama wakati wa sala ulikuwa umefika.

Mashine ikawaka. Rawya alifungua somo la mwalimu wa kemia kutoka kwenye flashi, ambayo sasa mashine iliitambua bila ubishi, akaandika mstari mmoja, akaufuta, akauandika tena kwa ajili tu ya kuuona. Betri ya kuendeshea saa ya mashine aliitoa kwenye mizani ya jikoni, nayo pia ya chini ya kitanda, na tarehe ikaacha kurudi utotoni kila mashine ikizimwa.

"Mbona kioo chake kahawia?" aliuliza Inshirah nyuma yake.

"Ndiyo rangi yake."

"Ya watu wengine ni buluu, ina majani na mawingu. Hii kama sahani ya maharage! Nitamwonyesha Tafida maharage?"

"Mama, inafanya kazi."

"Naona. Lakini kahawia."

*

Siku ya kupeleka vyombo, magari mawili yalizunguka mtaa kwa honi na ngoma ingawa nyumba ya Wagdi ilikuwa ng'ambo ya barabara. Mablanketi yalipangwa juu ili yaonekane. Kompyuta ilikaa mbele, mapajani mwa Metwalli, ndani ya boksi lake, na Inshirah alimwambia dereva apite tena mbele ya nyumba ya Nabawiyya. Kule roshanini vifuniko viwili vilimeta juani. Inshirah alivitazama, akakunja uso, lakini ngoma ilikuwa imekolea mno kwa mtu kuanza kuhesabu.

Ghorofa ya maharusi ilikuwa juu ya ile ya Bi Hajati, ili hatua za mke wa mwanawe zisikike. Wanawake walijaa. Walifungua kabati, walipapasa taulo, waligonga sufuria kwa kucha kusikia sauti yake. Kisha Bi Hajati Tafida akasimama mbele ya meza na kunyoosha kidole.

"Iwashe, mwanangu. Tuione."

Rawya akaiwasha. Feni ikanguruma. Sherbeti ikagawiwa, ikanywewa, glasi zikakusanywa, na herufi bado zilikuwa zinapita. Mke wa mwana mkubwa, yule aliyekuja na kompyuta, akamnong'oneza mwenzake kitu na wote wawili wakaangua kicheko kwenye ncha za mitandio. Inshirah alianza kusoma dua. Ndipo rangi ya kahawia ikatokea, na juu yake Rawya akafungua ukurasa wa kemia, safi, wenye vichwa vyekundu na mistari iliyonyooka.

"Inafanya kazi," alisema Bi Hajati, kama hakimu.

Vigelegele vikapigwa. Rawya alishaanza kuhesabu siku kichwani. Mwalimu wa kemia alikuwa akisubiri kurasa zake siku mbili baada ya harusi. Angezimaliza.

"Ma-sha-Allah," aliendelea Bi Hajati, akishika kioo pale penye nailoni. "Mpya kweli. Dada Inshirah, umelea. Sasa izimeni. Wagdi, lete lile boksi lake."

"Boksi la nini, mama?" aliuliza Wagdi.

"Irudi ndani kabla haijaingia vumbi! Kitu kama hiki ni cha kuchezea? Tutaiweka juu ya kabati, na Mungu akiwajalia binti, basi huyo jambo lake moja la harusi limekwisha."

Rawya alimtazama mama yake. Alidhani, kwa muda mfupi wa kijinga, kwamba atasema neno. Inshirah alikuwa analia kwa furaha.

"Umesema kweli, Bi Hajati," alisema. "Wallahi umesema kweli. Nilikuwa naogopa kwamba hamtaitunza."

"Na kazi yangu?" aliuliza Rawya.

"Kazi gani tena, bibi harusi, leo siku ya furaha?" alisema Bi Hajati.

Rawya akamgeukia Wagdi. Wagdi alikuwa ameshaleta boksi. Alilishika mbele yake kwa mikono miwili, kamba ikining'inia, akitazama mara mkewe mtarajiwa mara mama yake, na alikuwa na sura ya mtu anayengoja basi lolote litakalotangulia kufika.

Chini barabarani mnunua chakavu alikuwa anapita na mkokoteni wake wa punda, akipiga ukelele wake wa kila siku: friji mbovu, betri mbovu, maboksi. Rawya alilichukua boksi mikononi mwa Wagdi. Alilichukua kwa adabu, hata wanawake wakadhani anakwenda kulifuta vumbi. Akafungua mlango wa roshani.

"Wewe, mjomba wa maboksi! Lako hili!"

Boksi lilishuka likizunguka, likamwaga nafthalini njia nzima, likaangukia nyuma ya punda. Povu jeupe gumu la kukingia mashine likafuata, kipande baada ya kipande. Nyuma yake Inshirah alipiga yowe ambalo hakulipiga hata alipofiwa na mama yake, na Bi Hajati Tafida aliketi juu ya mablanketi bila kujali yanakunjika.

Mnunua chakavu aliliokota, akaligeuza, akasoma picha iliyochapwa ubavuni, akainua uso.

"Na kilichokuwa ndani, bibi harusi?"

"Kiko kazini!"

Alirudi ndani. Mtu alikuwa ameshaizima. Rawya akavuta kiti, akaketi mbele yao wote, akabonyeza, na wakati feni inaanza kunguruma akatia ukucha kwenye pembe ya nailoni na kuibandua taratibu huku akiisubiri iwake.